Bi Ardella Betz na Saa Aliyoirudisha Nyuma

Kwa miaka arobaini na mmoja Ardella Betz alikuwa karani wa wakili mmoja tu, Norbert Fessel, katika vyumba viwili vilivyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Haubrich, kusini mwa Indiana. Katika muda huo wote wakili alipokea sifa na karani alipokea tarehe, na wote wawili waliridhika na mgawanyo huo. Nilimhoji jikoni kwake kwa siku tano, mwaka aliotimiza themanini na mbili. Mengi ya yaliyomo humu ni maneno yake. Machache nimeyalinganisha na majalada ya kaunti, na pale yalipopishana, aghalabu yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kazi yake hasa ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna dai linalofia mikononi mwa ofisi. Kila dai, aliniambia, huzaliwa likiwa na siku yake ya kufa. Hili hupewa miaka miwili, lile sita, jingine kumi, na siku hiyo ikishapita halina tena mlango wa kuingilia, hata liwe la haki kiasi gani. Siku hiyo aliiandika kwa wino mweusi kwenye kadi, na kadi akaitia katika kisanduku cha mbao chenye vigawanyo vya miezi. Kisanduku kilikuwa cha marehemu mama yake, cha mapishi, na Bi Ardella hakuona sababu ya kuyafukuza mapishi yaliyotangulia kufika. Basi nyuma ya Novemba zilikaa kesi tatu za mipaka ya mashamba pamoja na keki ya tangawizi, na wakili alizoea kulalamika.

"Ardella, natafuta jalada la Hasenour, napata kabichi."

"Angalia nyuma ya kabichi."

Chombo chake cha pili kilikuwa saa mbili za ukutani. Kaunti yetu ilifuata saa ambazo wenyewe tuliziita za haraka. Kaunti ya ng'ambo ya Kijito cha Miller ilifuata za taratibu, nyuma yetu kwa saa moja. Ila miaka ile, wakati wa kiangazi wenzetu walisogeza zao mbele, nasi hatukugusa zetu, hivyo tangu Aprili hadi Oktoba pande zote mbili zilisoma sawasawa na watu wakasahau kuwa wana ugomvi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wenzetu walizirudisha nyuma, na ugomvi ukaanza upya. Kwa kuwa wateja wa Norbert walitoka pande zote mbili, Bi Ardella alitundika saa mbili zinazofanana, akabandika karatasi chini ya kila moja: HARAKA, TARATIBU. Kila Jumapili hiyo ya Oktoba alipanda kiti na kuirudisha nyuma ile ya taratibu.

Upande wa taratibu alikuwako Virgil Ubelhor, karani wa posta ya Kessner. Mwaka 1961, kwenye sherehe ya parokia, mabakuli ya supu ya kobe yakiwa mezani kati yao, Virgil alimwomba Ardella wafunge ndoa. Ardella alikataa. Nilimuuliza sababu.

"Alikuwa mtu mzuri. Lakini huwezi kuolewa na mtu ambaye kwake bado ni saa moja nyuma. Ukimwambia chakula tayari, anakuambia bado."

Virgil hakuoa kwingine, na wala hakununa. Walikutana kila juma kwenye karata na kutaniana juu ya saa kwa miaka thelathini na sita. Ardella alimwambia kwamba watu wa ng'ambo wanaishi jana. Virgil alimjibu kwamba watu wa Haubrich watafika kaburini saa moja kabla ya wakati.

Jumapili ya tarehe 26 Oktoba 1997, baada ya misa, parokia iliuza supu ukumbini. Gayle Lueken, fundi wa kiwanda cha makabati ng'ambo ya kijito, alikuja na bintiye Leanna kwenye meza ya Bi Ardella. Mtoto alibeba bakuli lake kwa mkono wa kulia. Alipoketi, ule wa kushoto ulikaa mezani kama kitu alichoombwa na mtu amshikie.

"Bi Ardella, kesho kutwa jioni usikose," alisema Gayle. "Ni siku ya huyu. Saa kumi na mbili, za haraka."

"Anatimiza mingapi, huyu mchokozi?"

"Minane," alijibu Leanna mwenyewe. "Na wewe?"

"Mimi nimetimiza hamsini na saba, na bado sijaletewa baiskeli."

Leanna alicheka. Bi Ardella naye alikuwa ameanza kucheka, kisha akaweka kijiko chini. Aliniambia kwamba ile nane ilimfikia kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili.

"Gayle, huu mkono. Ulishawahi kumwona wakili?"

"Bado. Si unajua miaka yote wananiambia utaamka wenyewe. Juni hii ndiyo yule mtaalamu wa mazoezi wa Louisville kaniambia ukweli, kwamba mishipa ya fahamu ilichanika siku ile ile anazaliwa. Bega lilikwama, daktari akavuta. Nikasema mwakani nikipata nafasi nitakuja kwenu."

"Mwakani."

"Kwani kuna haraka? Si mtoto ana haki mpaka awe mtu mzima? Mjomba Cletus kaniambia."

"Cletus ni wakili siku hizi?"

"Anauza matrekta."

"Basi akushauri habari za matrekta. Sikiliza, mwanangu. Gari likimgonga mtoto, sheria inamsubiri akue. Daktari akimwumiza, haimsubiri. Aliyeumia akiwa mdogo hivi, dai lake lazima liwe limetumwa kabla hajatimiza minane."

"Minane ipi?"

"Hii ya kesho kutwa."

Gayle aliketi. Yule mtaalamu wa Louisville alikuwa ameeleza pia kwamba kuna upasuaji wa kuhamisha misuli, na baada yake mazoezi ya miaka mingi, na kwamba mkono ungeweza kufika begani. Bima ya kiwanda ilikuwa imekataa mara mbili. Dai lile ndilo lililokuwa njia pekee iliyobaki, na lilikuwa life Jumanne, pamoja na mishumaa ya keki.

"Kwa hiyo nisitimize?" aliuliza Leanna.

"Timiza," alisema Bi Ardella. "Lakini Jumanne. Ukitangulia hata kidogo nitakujia juu."

Alikwenda ofisini moja kwa moja. Alifungua kitabu cha sheria kuhakikisha kile alichokijua, akampigia Norbert nyumbani, akaambiwa kwamba wakili ana kesi mahakama ya ng'ambo asubuhi na atarudi mchana. Akamwagiza Gayle alete makaratasi ya hospitali mara tu zamu yake itakapokwisha. Kisha, kwa kuwa ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, alipanda kiti na kurudisha saa nyuma.

Alirudisha ile ya haraka.

"Miaka ishirini na tisa sijakosea hata siku moja," aliniambia, na kwa mara ya kwanza katika siku zile tano alinitaka nizime kinasa sauti, kisha akabadili mawazo. "Acha, rekodi. Zilikuwa zinasoma sawa, zote mbili. Kichwa changu kilikuwa kwenye bega la yule mtoto. Mikono ikaenda yenyewe."

Jumatatu ilipita ikiwa na dalili nyingi ambazo hakuna aliyezisoma. Bi Ardella aliona njaa saa tano na kujilaumu kwa ulafi. Norbert aliporudi kutoka ng'ambo alitazama HARAKA ukutani, akatazama saa yake ya mkononi, ambayo asubuhi aliiweka kwenye saa za taratibu kwa ajili ya hakimu na hakuisogeza tena, akaona zinapatana, akatulia. Gayle alifika akihema, kiboksi cha viatu kilichojaa makaratasi kwapani, Leanna nyuma yake na mkoba wa shule.

"Nimechelewa sana?"

"Saa nane na nusu," alisema Bi Ardella. "Umewahi."

"Mimi nilijua ni tisa na nusu."

"Unafanya kazi kwa watu wa taratibu, mwanangu. Siku ya leo hakuna mwenye kichwa kilichonyooka."

Jambo hilo lilikuwa kweli kiasi kwamba Gayle hakubisha. Katika kaunti zetu mbili, Jumatatu ya namna ile mtu akikosea saa hasahihishwi, husamehewa.

Norbert alisoma makaratasi yote, mara mbili, akiguna. Leanna alisimama mlangoni na kutupa kurasa za taipu zilizoharibika kwenye kapu lililokuwa chini ya dirisha, ng'ambo ya chumba. Hakukosa hata moja.

"Huyu ana mkono," alisema Norbert bila kuinua macho.

"Anao mmoja," alisema Gayle. "Nataka wa pili."

Wakili aliinua macho. Baada ya hapo alisema kwa kasi na karani alipiga taipu kwa kasi zaidi. Kurasa mbili zilitosha: ni nani, aliumizwa na nani, lini, vipi. Majina ya daktari na hospitali yamo, na kwa ombi la Bi Ardella hayatajwi hapa. Dai la aina hii kwetu haliendi kwanza mahakamani. Hupelekwa kwa kamishna wa bima, Indianapolis, na sheria hulihesabu limefunguliwa siku ile posta inapolipokea kwa rejista na kulipiga muhuri. Norbert alitia sahihi. Ukutani, HARAKA ilisoma saa tisa na dakika arobaini na tano.

"Nenda taratibu," alimwambia karani wake. "Posta inafunga kumi na nusu. Una muda hata wa kunywa kahawa."

Bi Ardella hakunywa kahawa. Alichana nywele, akavaa koti, akavuka barabara na bahasha yake, Gayle na mtoto nyuma. Mlango wa posta ulikuwa umefungwa na pazia limeshushwa. Nyuma ya kioo saa kubwa ilisoma kumi na dakika hamsini.

"Unajua nilifikiri nini?" aliniambia. "Nilifikiri posta wamekosea. Nilisimama pale nikiwaonea huruma. Halafu nikatazama saa ya benki, nikaona masikini, na benki nao."

"Bi Ardella," alisema Leanna, "labda ni wewe."

Hapo aliona akilini kiti, karatasi mbili, na mkono wake mwenyewe ukizungusha mishale. Alitazama tena saa ya benki. Kisha akauliza jambo ambalo Gayle alilidhani ni la mtu aliyepatwa na wazimu.

"Ng'ambo saa ngapi?"

"Ng'ambo ya wapi?"

"Kwa watu wa taratibu. Sasa hivi kwa Virgil ni saa ngapi?"

Gayle alihesabu kwa vidole. "Tisa na dakika hamsini."

"Na posta yake inafunga kumi na nusu kama hii. Umeegesha wapi?"

Kutoka Haubrich hadi Kessner ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa mtu mwenye adabu. Pikapu ya Gayle iliondoka bila adabu, watu watatu kiti cha mbele, Leanna katikati na bahasha mapajani.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Bi Ardella.

"Utaomba msamaha tukichelewa. Saa hii nisomee njia."

"Njia ni moja tu."

"Basi nyamaza."

Walipoukaribia mlima wa kanisa walikuta barabara imejaa. Ilikuwa kombaini ya kuvunia mahindi, mpya, pana kupita njia, ikitembea mwendo wa ng'ombe. Gayle alipiga honi. Dereva aliyeketi juu alipunga mkono kwa furaha, bila kugeuka. Alipiga tena. Akapungiwa tena.

"Huyo ni mjomba Cletus," alisema Leanna. "Leo anampelekea mtu kombaini."

Gayle alisema neno ambalo halikuwa la kusemwa mbele ya mtoto. Leanna alimpanda Bi Ardella mapajani, akatoa kichwa na bega dirishani.

"Mjomba, pisha. Kesho natimiza minane."

"Najua, mpenzi," alijibu Cletus kutoka juu. "Zawadi ninayo."

"Pisha au dai langu linakufa."

Haijulikani Cletus alisikia nini. Alisimulia baadaye kwamba alisikia mtu anakufa. Aliingiza mashine katika uwanja wa kanisa akiponda kichaka kimoja cha maua cha padri, na pikapu ikapita.

Virgil Ubelhor alikuwa ameshika kamba ya pazia mkononi walipoingia. Saa yake ilisoma kumi na dakika ishirini na nane. Alimtazama Bi Ardella, koti lake lililofungwa vifungo visivyoelekeana, na akaiachia kamba polepole.

"Ardella Betz. Umepotea njia?"

"Nina barua ya rejista."

"Kwenu posta imehamishwa?"

"Imefungwa."

"Imefungwa saa hizi? Mbona bado mapema."

"Virgil, leo usinitanie."

"Miaka thelathini na sita unatuambia huku tunaishi jana. Leo umeifuata jana mwenyewe, na umekuja mbio."

"Nitakuambia lolote unalotaka, lakini piga muhuri kwanza. Kesho huyu mtoto anatimiza minane, na hii barua ikigongwa kesho ni takataka."

Virgil alimtazama Leanna, ambaye alikuwa ameinua bahasha hadi kwenye kaunta kwa mkono wake mmoja na kubaki ameishikilia. Hakutania tena. Alijaza karatasi ya rejista kwa mwandiko wake wa duara, herufi moja moja, huku Gayle akipumua kwa sauti. Akabandika namba. Akachukua muhuri na kuujaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi kilichokuwa pembeni, kama alivyofanya kila siku maisha yake yote.

Bi Ardella alikuwa mtu wa kusoma tarehe. Alizisoma kwa kazi, alizisoma kwenye makaburi, alizisoma kwenye maboksi ya maziwa. Aliisoma na hii, ikiwa juu chini kwake, ikiwa na wino mbichi.

"Virgil. Hiyo ni ishirini na nane."

Virgil alitazama. Kwa desturi yake, kila jioni kabla ya kufunga aliuzungusha muhuri hadi tarehe ya kesho, ili asubuhi asimkawize mteja. Alikuwa ameuzungusha dakika tano zilizopita.

"Lo," alisema.

"Watu wa taratibu," alisema Bi Ardella, "mmekimbilia wapi?"

Virgil alivaa miwani, akachukua sindano, akalirudisha gurudumu la tarehe jino moja nyuma. Akajaribu tena kwenye kipande. Wote wanne waliinama kusoma. Ishirini na saba. Akaigonga bahasha, akaigonga stakabadhi, akaigonga stakabadhi mara ya pili pembeni kwa usalama, na akaitia barua katika gunia kwa mikono miwili.

"Sasa," alisema, "uliniahidi neno."

"Saa zenu ni nzuri, Virgil."

"Sikusikia."

"Alisema saa zenu ni nzuri," alisema Leanna.

Jumanne asubuhi Bi Ardella alipanda kiti tena, Norbert amekishikilia. Hakugusa mishale. Alibandua zile karatasi mbili na kuzibadilisha mahali, akashuka, akaandika kadi mpya. Jioni alikwenda kula keki. Virgil alialikwa pia, akafika saa nzima baada ya sherehe kwisha, akasema amewahi.

Barua ilimfikia kamishna Alhamisi tarehe 30, na baada ya miezi mawakili wa upande wa pili wakaandika, kwa lugha ya upole, kwamba mtoto alikuwa ameshatimiza minane barua ilipopokewa, na kwa hiyo dai limekufa. Norbert aliinua kichwa.

"Ardella, ile stakabadhi ya posta iko wapi?"

"Oktoba. Nyuma ya pudini ya persimoni."

Nimeiona nakala yake katika jalada: mihuri miwili, tarehe moja, na doa la kahawia pembeni ambalo hakuna aliyeliulizia. Hoja ile haikutajwa tena. Jopo la madaktari watatu lilikaa na kuridhia kwamba bega lilivutwa isivyostahili, na mwaka 2001 pande zote mbili zilimaliza kwa makubaliano. Upasuaji ulifanyika majira ya kuchipua, Leanna akiwa na miaka kumi na mmoja.

Alikuja jikoni siku yangu ya mwisho, kumletea Bi Ardella mahindi. Sasa anafundisha mpira wa kikapu katika shule ya Haubrich. Alifungua kabati la juu kushusha bakuli, kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto ukapanda hadi usawa wa bega kulipokea. Ulikoma hapo. Bi Ardella aliutazama jinsi anavyotazama tarehe.

"Saa ngapi?" alimuuliza.

"Kumi na nusu," alisema Leanna. "Za haraka."

"Basi kwa Virgil bado. Mpigie simu, mwambie chakula tayari."